Kipande na Mashine Itambuayo Nyuso: Namna ya Kumfundisha Mtoto Kuhoji Kipimo

Utangulizi

Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo katika shule ya msingi hapa Mwika atapimwa na mashine mara nyingi kabla hajafikia umri wa mwalimu wake. Mashine itasoma alama za vidole vyake siku atakapotaka kusajili laini ya simu. Programu ya simu itaamua kama anastahili kukopeshwa fedha au la. Akisafiri nchi za nje, kamera itautazama uso wake na kuulinganisha na picha iliyomo katika pasipoti. Katika kila jambo kati ya hayo atakuwapo mtu mwenye kufungua mlango na kuufunga, lakini atakayemwambia mtu huyo afanye nini ni mashine.

Watu wengi hudhani kwamba mashine haina upendeleo, kwa kuwa haina ndugu, haina kabila wala haichukui hongo. Fikra hiyo si sahihi, na ni wajibu wa mwalimu kuisahihisha mapema. Makala haya yanakusudia kumweleza mwalimu mwanachuo jinsi upimaji wa watu kwa mashine ulivyoweza, na unavyoweza bado, kuwatenga watu kwa rangi na asili yao. Kisha yanapendekeza masomo matatu yanayoweza kufundishwa katika darasa la tano au la sita bila kompyuta, bila umeme, na bila gharama kubwa kuliko kopo la maharage.

Algoriti ni nini?

Neno algoriti huwatisha wengi, lakini maana yake ni nyepesi. Algoriti ni mfuatano wa hatua zilizopangwa ili kufikia uamuzi au jibu. Kutafuta kigawo kikubwa cha shirika ni algoriti. Kuchambua kahawa ni algoriti pia. Mkulima wa Mwika anapovuna huchuma buni zilizoiva tu, huzitia majini na kuondoa zinazoelea, huzimenya, huzichachua, huziosha na kuzianika. Baadaye, katika kiwanda cha kukoboa kahawa mjini Moshi, punje hupitishwa katika chekeche zenye matundu ya vipimo mbalimbali. Punje kubwa huwa daraja AA, zinazofuata huwa A, kisha B, na punje za mviringo hutengwa kuwa PB.

Chekeche haimpendi mkulima huyu wala haimchukii yule. Hata hivyo, yuko mtu aliyeamua ukubwa wa matundu. Mtu huyo angalipunguza tundu kidogo, kahawa iliyohesabiwa kuwa B ingaliitwa A, na mwenye kahawa hiyo angalilipwa zaidi. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hana budi kulishika: kila kipimo kina mtu aliyekiweka, na mtu huyo alikuwa na sababu zake.

Kompyuta za siku hizi zimeongeza jambo la pili. Katika nyingi, binadamu haandiki tena kila kanuni kwa mkono wake. Hukusanya mifano mingi, labda picha milioni za nyuso za watu, akaiingiza katika mashine, nayo mashine hujitafutia kanuni kutokana na mifano hiyo. Kwa hiyo hekima ya mashine haizidi mifano iliyolishwa. Mtu ambaye wenzake hawamo katika mifano atakuwa mgeni kwake.

Kipande: kipimo kilichomjua mtu kupita kiasi

Kabla ya kuzungumza juu ya kamera za leo, yafaa turudi nyuma, kwa maana Afrika Mashariki ilipata kujua upimaji wa watu kwa rangi zamani kabla ya kompyuta.

Katika Tanganyika, wakati wa utawala wa Wajerumani, wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, iliwekewa utaratibu wa kadi mwaka 1907. Kila mwanamume Mwafrika aliyehusika alipewa kadi iliyomlazimu kufanya kazi siku 30 kwa mwajiri wa Kizungu katika muda wa miezi minne. Kadi yenye nafasi tupu ilikuwa ushahidi dhidi ya mwenyewe.

Ng'ambo ya mpaka wa Taveta, mwendo usio mrefu kutoka Mwika, utaratibu wa namna hiyo ulikwenda mbali zaidi. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kuitekeleza kwa nguvu. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kuchukua kipande. Karatasi hiyo iliandikwa jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri, siku aliyoanza kazi, siku aliyoachishwa na ujira wake. Iliwekwa ndani ya kikasha cha bati ambacho wengi walikivaa shingoni. Mfanyakazi aliyeliacha shamba la mlowezi bila ruhusa aliweza kutafutwa na kukamatwa kwa njia ya kumbukumbu zilizowekwa ofisini. Mlowezi mwenyewe hakuchukua kipande.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walianzisha chama kilichopinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa ujira. Thuku alikamatwa mwezi Machi 1922, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ukapigwa risasi. Watu wasiopungua 20 waliuawa. Kipande kiliendelea kwa miaka 25 mingine, hata ilipotungwa sheria mpya mwaka 1947 ya kuwaandikisha watu wa rangi zote. Hapo walowezi waliposikia kwamba nao wangetoa alama za vidole, walilalamika vikali na kusema kwamba jambo hilo ni la kuwadhalilisha. Mwafrika alikuwa amefanyiwa jambo hilo hilo kwa robo karne.

Mwalimu aangalie jambo moja hapa. Ubaya wa kipande haukuwa kwamba kilikosea. Alama za vidole zilikuwa sahihi, na kumbukumbu ziliwekwa kwa uangalifu. Ubaya wake ulikuwa kwamba kundi moja lilijulikana kupita kiasi na kundi lingine halikuulizwa neno. Kipimo sahihi chaweza kuwa kipimo cha dhuluma.

Kamera: kipimo kisichomjua mtu

Dhuluma ya pili ni kinyume cha hiyo. Ni ya mashine isiyomjua mtu, kisha ikamhukumu.

Mfano wa zamani ni filamu za picha. Katika karne iliyopita, maabara za kusafishia picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya kulinganishia iliyotolewa na kampuni ya Kodak. Juu ya kadi hiyo palikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu. Rangi ya ngozi yake ikawa ndiyo kipimo cha rangi sahihi. Matokeo yake, mtu mweusi aliyepigwa picha pamoja na mweupe mara nyingi alitoka kama kivuli chenye macho na meno. Malalamiko ya watengenezaji wa samani na ya wauza chokoleti, waliotaka rangi nyeusi za bidhaa zao zionekane vizuri, yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoisukuma kampuni kuboresha filamu. Mbao na peremende zilipata mtetezi kabla ya nyuso za watu.

Tabia hiyo ilihamia katika kompyuta. Mwaka 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini, aliyekuwa katika chuo cha MIT huko Marekani, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walichapisha uchunguzi wa programu za makampuni makubwa zilizodai kuweza kutambua kama uso ni wa mwanamume au wa mwanamke. Walichukua picha 1,270 za wabunge wa nchi sita: Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Iceland, Finland na Sweden. Kwa ujumla programu ya IBM ilipata asilimia 87.9 ya majibu sahihi. Lakini watafiti walipoligawa jumla hilo katika mafungu, waliona kwamba kwa wanaume wenye ngozi nyeupe ilikosea asilimia 0.3 tu, na kwa wanawake wenye ngozi nyeusi ilikosea asilimia 34.7. Programu za makampuni mengine mawili nazo zilikosea zaidi kwa wanawake weusi kuliko kwa fungu lingine lolote.

Mwezi Desemba 2019 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia vipimo na viwango, NIST, ilitoa ripoti kubwa zaidi. Ilipima algoriti 189 kwa picha zaidi ya milioni 18. Safari hii swali lilikuwa kama mashine huweza kumfananisha mtu mmoja na mtu mwingine kimakosa. Katika picha zilizopigwa vizuri kwa ajili ya maombi ya uhamiaji, makosa hayo yalikuwa mengi zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia ya Mashariki, na machache zaidi kwa watu wa Ulaya ya Mashariki. Kwa baadhi ya algoriti tofauti ilifika mara 100.

Kosa la namna hiyo si la kinadharia. Mwezi Januari 2020 mtu mweusi aitwaye Robert Williams alikamatwa nyumbani kwake karibu na Detroit, mbele ya mkewe na binti zake, kwa sababu kompyuta ya polisi ilimfananisha na mwizi wa saa aliyeonekana katika picha ya kamera ya dukani. Alikaa rumande saa zipatazo 30. Hakuwa yeye.

Ripoti ya NIST ilikuwa na jambo jingine lenye kutia moyo. Baadhi ya algoriti zilizotengenezwa China hazikuwa na makosa mengi kwa nyuso za watu wa Asia ya Mashariki. Aidha, baadhi ya algoriti zilizo bora kabisa zilikuwa na tofauti ndogo sana baina ya makundi. Maana yake ni kwamba kasoro haimo katika uso wa mtu mweusi, wala si amri ya maumbile. Imo katika mifano na katika uangalifu wa watengenezaji, na kwa hiyo yaweza kurekebishwa.

Madhara mawili yakutanapo

Mwanachuo asije akahitimisha kwamba, mashine ikiisha kutujua vizuri, shida imekwisha. Kipande kinatukataza kusema hivyo. Mashine isiyotujua hutusingizia. Mashine itujuayo mno hutufuatia. Hatuna budi kuuliza maswali yote mawili: Je, kipimo hiki ni sahihi kwa watu wote? Na je, nani anakitumia, juu ya nani, kwa ruhusa gani?

Mfano wa karibu ni Kenya. Mwaka 2019 serikali ya nchi hiyo ilianza kuwaandikisha wakazi wote kwa alama za mwili katika mpango ulioitwa Huduma Namba. Wanubi walikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani. Hao ni wazao wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, wengi wao wakiishi Kibera, na kwa miaka mingi vijana wao walitakiwa kuhojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho, jambo ambalo Wakenya wengi hawakufanyiwa. Hoja yao ilikuwa rahisi: ikiwa kitambulisho cha zamani hupatikana kwa taabu kwa sababu ya asili ya mtu, basi mashine mpya itakayodai kitambulisho hicho mlangoni itamfungia nje kabisa. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango usiendelee mpaka ziwepo kanuni kamili za kuulinda, na ikakataza kukusanya taarifa za DNA na za mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya satelaiti.

Hapa Tanzania, tangu mwaka 2019 laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa. Kwetu swali la rangi si kubwa kama Detroit, lakini kanuni ni ile ile. Vidole vya mtu aliyeshika jembe miaka 50 husuguka, na mashine huweza kupata taabu kuvisoma. Mashine iliyozoea vidole vya karani haimjui bibi wa kihamba.

Namna ya kufundisha

Somo la kwanza: Maharage. Zana ni makopo matatu ya mbegu. Kopo la kwanza liwe na maharage mekundu tu. La pili liwe na maharage ya rangi zote: mekundu, meupe, meusi na ya madoadoa. La tatu liwe na mchanganyiko wa maharage hayo pamoja na mahindi, njugumawe na vijiwe vyekundu. Mwalimu agawe darasa katika makundi mawili. Kundi A lipewe kopo la kwanza, Kundi B kopo la pili. Kila kundi liandike kanuni isiyozidi mistari mitatu ya kutambua haragwe, kwa kutumia mifano iliyomo katika kopo lake peke yake. Kisha mwanafunzi mmoja wa kila kundi awe mashine. Achambue kopo la tatu kwa kuifuata kanuni neno kwa neno, na asitumie maarifa ya nyumbani. Kundi A huelekea kulitupa haragwe jeupe na kukipokea kijiwe chekundu. Watoto watacheka. Mwalimu awaache wacheke, kisha aulize: Je, haragwe jeupe lina kosa gani? Je, mashine ilisema uongo? Nani alichagua mifano?

Somo la pili: Asilimia. Hili ni somo la hisabati. Mwalimu aandike ubaoni makosa ya programu moja: asilimia 0.3 kwa kundi moja, asilimia 34.7 kwa kundi lingine. Wanafunzi watafute idadi ya watakaokosewa katika kila watu 1,000. Watapata 3 na 347. Kisha wapewe hesabu hii: shule ina wanafunzi 100, 90 wametoka kijiji cha juu na 10 kijiji cha chini, mashine imewatambua sawasawa wote 90 wa juu na 4 tu wa chini. Jumla yake ni asilimia 94. Je, mwenye mashine akijisifu kwamba inapata asilimia 94, amesema uongo? Hakusema uongo, lakini wastani wake umewaficha watoto sita kati ya kumi. Mwanafunzi atakayelielewa hili amejifunza kitu kikubwa kuliko asilimia.

Somo la tatu: Kipande. Hili ni la historia. Mwalimu achore kipande ubaoni na nafasi zake zote, kisha awaulize wanafunzi kila nafasi ilimfaidia nani. Jina la mwajiri lilimfaa nani? Ujira wa zamani ulimfaa nani, mfanyakazi aliyetaka nyongeza au mwajiri mpya asiyetaka kuitoa? Mwishoni wanafunzi waandike kanuni tatu ambazo wangependa kitambulisho chochote kizifuate. Kwa kawaida wanafunzi waongozwe kufikia mambo kama haya: kiwe cha watu wote, mtu ajue kilichoandikwa juu yake, na awepo mtu wa kumlalamikia pindi kikikosea.

Tahadhari kwa mwalimu

Kwanza, mwalimu asipange wanafunzi kwa wekundu na weusi wa ngozi zao, hata kwa mchezo. Darasani huenda akawamo mtoto mwenye ualbino, ambaye amekwisha kutazamwa na kuhesabiwa vya kutosha. Maharage yanatosha kufundisha jambo hili.

Pili, asimvike mwanafunzi kikasha shingoni katika somo la kipande. Mchoro unatosha. Fedheha iliyofanywa kwa babu zetu isigeuzwe mzaha kwa wajukuu.

Tatu, asifundishe chuki juu ya mashine wala juu ya taifa lolote. Baadhi ya waliofichua makosa haya ni wataalamu wa mashine hizo hizo, na mwezi Juni 2020 kampuni ya IBM yenyewe ilitangaza kuacha biashara ya programu za kutambua nyuso. Tunataka mtoto atakayeuliza, na ikiwezekana atakayetengeneza iliyo bora.

Maswali ya majadiliano kwa wanachuo

1. Eleza tofauti kati ya dhuluma itokanayo na kipimo kisicho sahihi na ile itokanayo na kipimo kilicho sahihi.
2. Kwa nini walowezi wa Kenya waliona alama za vidole kuwa fedheha mwaka 1947, na hawakuona hivyo zilipochukuliwa za Waafrika peke yao?
3. Tunga zoezi lingine la somo la kwanza kwa kutumia ndizi za Mwika: mshare, kisukari, kitarasa na nyinginezo.
4. Chunguza daftari la mahudhurio na fomu nyingine za shule unakofanyia mazoezi. Ni taarifa gani za mtoto zinazotunzwa humo, na kila moja inamfaidia nani?

Hitimisho

Kitabu cha Elimu ya Kujitegemea cha mwaka 1967 kilitaka shule zetu zimpe mtoto akili ya kudadisi. Wakati ule udadisi ulielekezwa kwenye udongo, mbegu na historia. Leo hauna budi kuelekezwa pia kwenye vyombo vinavyotupima. Mwalimu naye ni mpimaji. Kila anaposahihisha daftari, anapochagua kiranja, au anapomweka mtoto katika fungu la wazito baada ya wiki mbili tu za kumjua, anafuata kanuni iliyotokana na mifano aliyopata kuiona. Tofauti kati yake na mashine ni kwamba yeye aweza kumwita mtoto, kumsikiliza na kubadili hukumu yake. Wanafunzi wakimwona akifanya hivyo kila siku, watajua kudai hayo hayo kwa mashine na kwa wenye mashine.